Rangi Nyekundu kwenye Plagi ya Kinanda

Tatu,

Hali yangu unaijua, tumekunywa chai pamoja asubuhi, kwa hiyo salamu tuziruke. Umekwenda kusukwa na ninajua kichwa chako hakimaliziki kabla ya magharibi, nina muda wa kutosha. Sanduku lako liko pale mlangoni limefungwa kamba. Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala uangalie nani unalala naye chumba kimoja huko Tabora. Mambo hayo ama nimekufundisha kwa miaka ishirini, ama nimeshindwa, na karatasi hii haitasaidia. Nataka kukuandikia habari ya kinanda.

Najua umekunja uso. Neno hilo humu ndani hatulitaji.

Jana nilikuuliza kama utapita Ilala kumuaga baba yako kabla ya treni. Ukanijibu huku unakunja nguo, hata kichwa hukuinua, "Nikamuage wa nini, mama? Mtu mwenyewe hata waya hajui kuchomeka." Ukaendelea na nguo zako. Tatu, maneno yale si yako. Ni yangu. Niliyasema mimi, barazani, mbele ya watu, ulipokuwa na miaka kumi, na wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pazia unayaokota moja moja. Tangu jana yamenikaa kooni. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara mbili, mara ya kwanza nikakuuliza umeweka sabuni, mara ya pili nikakugombeza kwa sababu ya kandambili. Kwa hiyo naandika.

Baba yako alikuwa mtu wa bandarini, mwendesha winchi, na alikuwa na maringo ya kazi yake. Walipoanza kupunguza watu na yeye akapunguzwa, akapewa kiinua mgongo chake, akarudi nyumbani saa nne asubuhi na kofia yake ya kazi mkononi. Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara ya vitu vya nje imefunguliwa. Sisi tuliokuwa tunapanga foleni ya sabuni, ghafla Kariakoo nzima imejaa redio, feni, televisheni, vitu vya Dubai na Japani vimepangwa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nakaanga samaki na mihogo pale pembeni ya soko, nanuka mafuta kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu. Nikamwambia, Baba Tatu, tununue friji. Niuze maji baridi na barafu za ukwaju hapa hapa barazani, nipumzishe miguu. Akasema sawa. Tulikubaliana, Tatu, na wewe ulikuwepo, ulitaka barafu za maziwa.

Jumamosi akaenda Mchafukoge, dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi mmoja ambaye alikuwa anafahamiana naye tangu siku za bandarini. Akarudi na boksi refu begani. Nikamwuliza, "Friji gani hilo jembamba?" Akacheka. Akasema friji tutanunua tu, lakini kitu hiki bei yake ilikuwa ya kutupa, na mtoto ana kipaji, anaimba vizuri kasida za chuoni. Nikanyamaza. Ungenijua siku zile ungejua kunyamaza kwangu ndiko kubaya zaidi.

Nitakuambia nilichokiona mimi siku ile, maana wewe unakumbuka kwa macho ya mtoto. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mtoto wa Kijapani anacheka. Ndani kitu chenyewe kimelazwa katikati ya maboya meupe yanayolia kwii ukiyasugua. Harufu ya plastiki mpya ikajaa chumba, ikaufunika hata mchuzi wangu. Nikakiinua kwa mkono mmoja. Kilikuwa chepesi, chepesi kuliko beseni langu la samaki, nikasema kitu chepesi hivi ni cha kuchezea, umeuziwa kidoli. Meno yake, ndivyo baba yako alivyoviita vile vibao vyeupe na vyeusi, yalikuwa membamba, ya vidole vya mtoto. Dole gumba la baba yako, dole la minyororo, lilikuwa likishuka linabonyeza meno mawili kwa mpigo. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijapani chote, na yeye akakifungua ukurasa kwa ukurasa na kutikisa kichwa kama anasoma.

Juu palikuwa na safu ya vitufe. Unabonyeza hiki, sauti inakuwa ya gitaa. Unabonyeza kile, fidla, na hiyo fidla ililia kama mbu ndani ya chandarua. Ukibonyeza meno mengi kwa pamoja, mengine yanakataa kulia. Ngoma zake, haki ya Mungu, zilikuwa nzuri, unabonyeza mara moja na zinajipiga zenyewe mpaka sahani kabatini zinatikisika. Na kulikuwa na kitufe kimoja mwisho kabisa ambacho ukikibonyeza kinanda kinapiga wimbo mzima chenyewe. Baba yako akakibonyeza, akakaa wima, akawa anachezesha vidole juu juu bila kugusa. Bi Mwanaisha mwenye nyumba akachungulia dirishani, akasema, "Kumbe Baba Tatu fundi hivi." Ulicheka mpaka ukaanguka mkekani. Yeye naye machozi yanamtoka kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko cha mchuzi mkononi na sikucheka, na mkaniona kuwa sikucheka, mkaendelea.

Siku ya pili ukagundua sauti ya nai, ile filimbi ya taarabu. Hiyo ilikuwa sauti ya kweli, sikuisema siku ile lakini naisema leo. Kwa kidole kimoja ukaufuata wimbo uliokuwa umepigwa kwenye harusi ya nyumba ya pili, hukukosea hata mahali pamoja, na hakuna aliyekufundisha. Baba yako akaja mbio uani nilipokuwa napara samaki. "Mama Tatu, njoo umsikie mwanao." Nikamwambia, "Kwani tutaula huo wimbo?" Akarudi ndani polepole.

Sasa habari ya umeme, maana kila kitu kiko hapo. Bwana Jayanti alimwonya pale pale dukani, na baba yako alitusimulia neno kwa neno: "Hii ya Japani, Bwana Shomari. Umeme yao dogo. Chomeka ukutani moja kwa moja, imekufa." Akampa na transfoma, lile dude zito kama tofali. Plagi ya kinanda ilikuwa ya kwao, ya miguu miwili bapa, fundi wa dukani akaikata akaweka plagi ya kawaida ili iingie kwenye transfoma. Ndiyo ikawa hatari, kwa sababu iliweza kuingia na ukutani vile vile. Nusu ya mtaa huu walichoma vitu vyao hivyo hivyo, mtu analeta redio ya Japani kwa shangwe, jioni anaitupa. Baba yako hakutaka yamkute. Akachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, akaipaka plagi yote, akakukalisha chini akakuambia, "Nyekundu haigusi ukuta." Ukairudia kama somo la chuoni. Akaniambia na mimi. Nikamjibu kuwa amenimalizia rangi.

Basi mkawa na raha zenu. Narudi magharibi na beseni kichwani, nasikia ngoma kuanzia kona, naingia, mko wawili mkekani. Yeye kazi hana, anasubiri aitwe bandarini, haitwi. Nilikuwa na hasira ya friji, hiyo kila mtu aliijua na niliitangaza vya kutosha. Nilikuwa na wivu pia, na huo sikumwambia mtu. Nilikuonea wivu wewe, mwanangu wa kuzaa, kwa sababu ulikuwa unacheka na mtu ambaye na mimi alikuwa ananichekesha zamani.

Alhamisi moja nikarudi mapema. Sijui nini kilinipata, nikakaa mkekani na nyinyi, nikanyoosha mkono nibonyeze jino moja tu nisikie. Ukaushika mkono wangu. "Mama, usiguse, una mafuta." Na baba yako akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu, kama mtu anavyocheka mtoto akisema neno la kikubwa. Mafuta yalikuwepo kweli. Nikaondoka nikaenda kuoga, na nilijisugua mpaka ngozi ikauma.

Kesho yake Ijumaa. Baba yako alipiga kidogo asubuhi, akaoga, akaenda msikitini. Hukwenda shule siku hiyo, sikumbuki kwa nini, ulikuwa uani unafua sare yako. Niliingia chumbani kuchukua beseni. Nikakiona. Nikaichomoa ile plagi nyekundu kutoka kwenye transfoma, nikaichomeka ukutani, nikawasha. Kilitoa mlio mfupi, halafu moshi kidogo pale nyuma, halafu harufu. Nilihesabu mpaka tano nikazima. Plagi nikaitupa chini karibu na transfoma, nikafungua dirisha, nikajitwika beseni langu na kwenda zangu sokoni. Nikakaanga samaki mpaka jioni. Nilikuwa hata naimba.

Ndiyo, Tatu. Ni mimi. Soma tena kama unataka, halafu uendelee, kwa sababu hapo si mwisho wa ubaya wangu.

Wewe uliingia ukakibonyeza, kimya. Baba yako aliporudi msikitini alikukuta umekaa peke yako mkekani, vidole juu ya meno, unalia bila sauti, harufu bado imo chumbani, plagi imelala nje ya transfoma. Angefikiri nini? Alifikiri ni wewe. Wiki ile ile nilikuwa nimekuchapa kwa mwiko kwa sababu ya chupa ya chai uliyoivunja, mpaka Bi Mwanaisha akaja kukunyakua mikononi mwangu. Alama zilikuwa bado mapajani.

Mimi niliporudi jioni nilisimama mlangoni, nikavuta pua, nikauliza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Nani kachoma kitu humu?" Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Baba yako akakutazama wewe. Kisha akatazama mkono wangu. Kisha akasema, "Mimi. Nilisahau transfoma asubuhi."

Nilimwelewa pale pale. Sijui kama kuna siku nyingine nimemwelewa mtu haraka namna ile. Mwanamume anajivisha kosa ambalo anadhani ni la mtoto wake, ili mtoto asipigwe na mama yake, na mama yake ndiye aliyelifanya. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilicheka. Nikatoka barazani, nikawaita majirani waje waone mwendesha winchi aliyekuwa akipandisha makontena ya watu, leo hata waya hajui kuchomeka. Watu wakacheka. Na wewe nyuma ya pazia ukaacha kulia, ukamtazama baba yako, na niliona uso wako unabadilika. Ulimwamini. Ulikuwa mtoto, baba kasema ni yeye, utafanyaje?

Nilimbandika jina la Bwana Kinanda na mtaa ukalichukua. Nilinunua doti ya kanga yenye maneno ya kumchoma, sitayaandika hapa, nikaivaa kila anapokuwa na wageni. Yeye alikifungua kinanda akawa anakaa nacho kutwa mkekani na bisibisi, vipande vimetandazwa juu ya gazeti, hajui hili wala lile, anajaribu. Siku moja alikuita umshikie tochi. Ukamwambia, "Baba, si ukiache tu, wewe huwezi kitu." Alikuwa amepiga goti. Akasema, "Haya mama," akaishika tochi kwa meno. Mimi nilikuwa napanga vyombo na nikakupa andazi. Nakumbuka lile andazi vizuri. Nilikulipa.

Mwezi wa tatu baada ya hapo akahamia Ilala na kile kinanda ndani ya boksi lake. Wewe ukabaki na mimi kama nilivyotaka. Friji nikalipata, ndilo hili hili linalonguruma wakati naandika, limekusomesha na limekuvalisha, na kila likinguruma nasikia lile jambo. Iddi ya kwanza alituma mtu akuchukue, ukakataa. Nikasema mtoto hataki, sitamlazimisha. Iddi ya pili ukakataa. Yeye akaacha kutuma mtu, akawa anatuma nguo tu, na wewe ukawa unawagawia watoto wa Bi Mwanaisha.

Kama kuna kitu nimejifunza ni hiki tu, na sikukipata kitabuni. Kukichoma kinanda kulinichukua muda wa kuhesabu mpaka tano. Kilichobaki nilikifanya upya kila siku. Kila Iddi ulipokataa kwenda, mimi ndiye niliyekataa. Kila ulipomcheka, nilikuwa na mdomo na sikuufungua. Nilijiambia nitakuambia ukivunja ungo, kisha ukimaliza shule, kisha ukipata chuo. Umepata chuo. Nilipanga barua hii niifiche kwenye kikapu cha chakula, chini ya chapati, uikute treni ikiwa imeshapita Morogoro na huwezi kurudi kunitazama usoni. Hivyo ndivyo nilivyo, nataka ulijue na hilo.

Wiki iliyopita nilipokuambia nakwenda msibani, nilikwenda Ilala. Nilitaka tu ajue kuwa unaondoka. Ana kibanda cha kutengeneza redio, benchi moja, watu wanamsubiri. Amekuwa fundi, Tatu. Ufundi wenyewe ameuanzia kwenye kile kinanda. Amezeeka, nywele zote nyeupe. Akanikaribisha kama mgeni wa heshima, akatuma mtoto aniletee soda, akafuta benchi kwa shati lake. Nilimwambia mtoto amepata chuo cha ualimu, Tabora. Halafu akashusha lile boksi kutoka juu ya rafu, yule mtoto wa Kijapani wa pichani amefifia, kimebaki kichwa tu kinacheka, akakitoa, akakichomeka kwenye transfoma yake ile ile. Kinalia. Imemchukua miaka kukitengeneza, vifaa vingine kavitoa kwenye redio mbovu. Meno mawili ya mwisho hayasikiki na fidla imekufa, wala si hasara. Nai ipo. Na plagi bado ina rangi yangu, imebanduka pembeni lakini ipo.

Akaniambia, nakuandikia kama alivyosema: "Bado ananiogopa, eti? Mwambie Tatu sikukasirika hata siku moja. Alikuwa mtoto, mtoto anasahau. Mimi nilisema ni mimi, na mpaka leo ni mimi. Asione aibu kuja."

Umeelewa? Miaka yote hii wewe unajua ni yeye. Yeye anajua ni wewe. Anadhani huendi kwake kwa sababu ya aibu ya kosa lako, na amekaa Ilala anakusubiri ukue, aibu ikutoke. Nilikuwa na soda yake mkononi. Ilikuwa rahisi, nifungue mdomo tu. Nilisema inabidi niwahi, nina barafu zangu. Akanisindikiza mpaka njia panda.

Barua naiweka juu ya sanduku lako, uikute ukirudi, nikiwa humu humu ndani. Treni ni kesho jioni. Ilala ni kwa miguu, unapajua. Usinijibu kitu leo kama hutaki, na kesho kama hutaki nije stesheni, sitakuja, mtoto wa Bi Mwanaisha atakubebea sanduku. Kikapu cha chakula nimekiandaa na kitakuwa mezani ukitaka kukibeba. Sikuombi msamaha, maana nitakuwa nakuomba uniondolee mzigo na wewe una safari.

Lakini nenda ukamwambie si wewe. Yeye amekusitiri miaka kumi kwa kosa ambalo hukulifanya. Akikuuliza ni nani basi, mimi usinisitiri.

Mama yako,
Zena